Swali la Kila Ijumaa

Msomaji, katika lugha yetu neno mtihani lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile uijuayo wewe darasani: karatasi, maswali, saa ukutani na msimamizi apitaye kimya kati ya madawati. Maana ya pili ni taabu impatayo mtu ikaupima moyo wake. Mtu akifiwa au akipotewa na mali, jirani humfariji kwa kumwambia kuwa huo ni mtihani. Sishangai basi kuona wanafunzi wengi wakizichanganya maana hizi mbili, wakaihesabu karatasi ya maswali kuwa ni msiba ulioletwa na mwalimu. Mimi nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nataka kukueleza jinsi imani hiyo ilivyonitoka, na pia sehemu yake ndogo ambayo haijanitoka mpaka leo.

Nilisomea udaktari. Masomo hayo katika nchi yetu huchukua miaka 6, na baada yake hufuata mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini chini ya macho ya madaktari wakubwa. Mwanzoni tulifundishwa umbo la mwili. Mtu mzima ana mifupa 206, na kila mfupa una jina lake, vichwa vyake, matundu yake na mifuo yake. Juu ya mifupa iko misuli, na kati ya misuli hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, yote ikiwa na majina marefu ya Kilatini. Elimu ni bahari, wasemavyo wazee, na sisi tulitupwa katikati yake kabla hatujajua kuogelea.

Nilisoma kwa bidii kama nilivyozoea tangu shule ya msingi. Nilikuwa nikisoma sura moja, nikiisha nairudia, kisha nairudia tena, hata mara 6, nikipiga mistari kwa wino mwekundu chini ya maneno makubwa. Kila nilipoirudia sura ile maneno yake yaliniwia mepesi zaidi. Hatimaye niliweza kukisia sentensi iliyofuata kabla jicho halijaifikia. Nikafunga kitabu, nikajiambia: sasa najua. Nikalala usingizi mtamu wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ya kupimwa ikafika. Tuliingizwa katika chumba kirefu chenye meza nyingi zilizopangwa kwa safu. Juu ya kila meza palikuwa na kiungo cha mwili, na katika kiungo hicho palifungwa uzi mahali pa swali. Kila mwanafunzi alisimama mbele ya meza moja. Kengele ikilia, wote husogea meza ya pili, na hakuna ruhusa ya kurudi nyuma. Nilipofika meza ya tatu niliuona mshipa wa fahamu kwapani, umefungwa uzi mwekundu. Msomaji, niliujua ukurasa wa mshipa ule. Niliujua kuwa ni wa upande wa kushoto, kwamba picha iko juu na maelezo yako chini, na kwamba pembeni mwake lilikuwako doa la chai niliyoimwaga mwenyewe. Vyote nilivikumbuka ila jina. Kengele ikalia. Katika karatasi yangu mahali pale pakabaki peupe, na kabla ya kutoka chumbani mahali peupe pengine palikuwa pengi sana.

Niliporudi chumbani kwangu nilikasirika. Nililaumu kengele, nililaumu uzi, nililaumu na waliopanga meza zile. Ilinichukua muda kutambua kuwa nilikuwa nimevichanganya vitu viwili ambavyo kwa nje hufanana. Kukitambua kitu kinapoletwa mbele yako ni jambo moja, na kukitoa kitu hicho kichwani mwako mwenyewe ni jambo jingine. Mtoto abebwaye mgongoni na mama yake kwenda shambani kila siku huitambua njia: huujua mwembe, huujua mto, hulijua na jiwe la kupumzikia. Lakini siku aendapo peke yake, kwenye njia panda husimama akalia. Macho yake yamekwisha kuizoea njia, lakini miguu yake haijapata kuichagua. Mimi nilikuwa nimebebwa na kitabu mara 6.

Miaka ikapita, nikafika mwaka ambao wanafunzi wa udaktari huingia katika wadi za watoto. Huko tulimkuta mhadhiri mmoja, mzee mpole mwenye miwani, aliyekuwa na desturi iliyotuudhi. Kila Ijumaa, kabla ya somo, aligawa karatasi ndogo yenye maswali 10. Tulipewa dakika 15. Baadaye tulibadilishana karatasi, akasoma majibu sahihi na kueleza sababu zake, na kila mtu akaondoka na karatasi yake. Hakuandika alama popote. Hakuuliza nani amepata ngapi. Na swali la 10 lilikuwa lile lile kila Ijumaa: mtoto ameletwa kwako amepotewa na fahamu, mwili unamtetemeka, utafanya nini kwanza, na nini baadaye, kwa utaratibu? Jibu lilianza na njia ya hewa, likafuata kupumua, likafuata mzunguko wa damu, likafuata fahamu. Aliyesahau jambo la mwisho, mzee yule alimwinamia kwa upole, akamwuliza, “Na sukari je?” Swali hilo likawa mzaha wetu. Mtu akiweka chai isiyokolea mezani, wote tulisema kwa sauti ya mzee, “Na sukari je?”

Juu ya desturi hiyo wanafunzi tuligawanyika makundi matatu, na nadhani katika darasa lako makundi hayo yako pia.

Kundi la kwanza lilisema kuwa maswali yale yanapoteza wakati. Hoja yao ilikuwa hii: mhadhiri ana mengi ya kutufundisha, na dakika anazozitumia kutuuliza angezitumia kutuongezea maarifa. Mizani, walisema, haimnenepeshi ng’ombe. Kundi la pili lilisema kuwa maswali ni mema kwa sababu yanatulazimisha kusoma kila wiki, badala ya kungoja mwezi wa mwisho tukesha kwa hofu. Kundi la tatu halikusema mengi. Hawa waliogopa. Karatasi yoyote yenye maswali, hata isiyo na alama, iliwakausha midomo. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, na methali ile ya mizani na ng’ombe niliipenda sana.

Je, nani kati yetu alisema kweli? Kwa bahati njema jambo hili halitegemei maoni tu, maana limepimwa. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na mpimaji. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima baada ya saa na siku kadha ni kiasi gani kilichobaki kichwani. Aliona kuwa usahaulifu huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Mwaka 1939 Herbert Spitzer alitoa habari za watoto zaidi ya 3,000 wa darasa la 6 katika jimbo la Iowa, Marekani. Waliosoma habari na kuulizwa mapema waliihifadhi baadaye kuliko wale waliokawia kuulizwa.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja mjini St. Louis, walitangaza jaribio ambalo lingenisaidia sana kama ningalilijua mapema. Wanafunzi wa kundi moja waliisoma habari fupi katika vipindi 4. Wa kundi jingine waliisoma katika kipindi kimoja, na katika vipindi 3 vilivyobaki waliandika yote waliyoyakumbuka bila ya kuitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tu ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na waliojaribiwa walikumbuka asilimia 61. Tena liko jambo la ajabu kuliko hesabu hizo. Walipoulizwa mapema nani atakumbuka vema, waliosoma tu ndio waliojitumainia zaidi. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka lile doa la chai.

Labda utasema kuwa majaribio hayo yalikuwa ya habari fupi, wala si ya kazi ngumu kama udaktari. Basi sikiliza hili. Mwaka 2009 Douglas Larsen na wenzake walieleza jinsi walivyowafundisha madaktari vijana habari za maradhi mawili ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ugonjwa mmoja waliulizwa maswali yake mara kwa mara, wakapewa na majibu; ugonjwa wa pili walipewa muhtasari wausome tena kwa idadi ile ile ya nyakati. Baada ya miezi 6 walipimwa wote. Katika yale waliyoulizwa walipata asilimia 39, na katika yale waliyoyasoma tu walipata asilimia 26. Tazama kuwa hata asilimia 39 si nyingi. Usahaulifu ni adui mkubwa, na hakuna silaha imwuayo kabisa. Lakini tofauti ya 13 katika kila 100, kwa mtu ambaye kazi yake ni uhai wa watu, si tofauti ya kudharauliwa.

Kwa hiyo methali yangu ya mizani haikufaa. Mizani haimnenepeshi ng’ombe, kweli, lakini akili si ng’ombe. Akili hufanana zaidi na njia ya shambani: kadiri ipitwavyo ndivyo nyasi zinavyokufa na njia inavyoonekana. Kila mara ulitafutapo jambo kichwani mwako na kulipata, umeipita njia yake tena.

Lakini sasa nageukia kundi la tatu, maana sikulitendea haki wakati ule. Rafiki yangu niliyelala naye chumba kimoja alikuwa katika kundi hilo. Katika idara nyingine tulijaribiwa pia kila wiki, ila kwa namna ya pili kabisa. Baada ya kila jaribio majina yetu yalibandikwa ukutani na alama zake, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Rafiki yangu alikuwa chini mara tatu kwa kufuatana. Akaanza kuamka usiku wa manane. Akaanza kuacha chakula. Badala ya kusoma magonjwa akatafuta karatasi za miaka iliyopita, akazikariri majibu yake, herufi kwa herufi, bila ya kujua maana yake. Nilimcheka. Nikamwambia kuwa hesabu zote ziko upande wa wapimaji, na kwamba ajikaze.

Akanijibu kwa sauti ndogo, “Ndugu yangu, ninyi mnaipenda mizani kwa sababu haijapata kuwaambia mbele za watu kuwa hamna uzito.”

Sikuwa na jibu. Muhula uliofuata alipumzika nyumbani kwao, akamaliza masomo mwaka mmoja baada yetu. Leo ni daktari mwema, naye huwauliza wanagenzi wake maswali mengi kila asubuhi, wala hamwambii mtu alama zake. Tukikutana bado tunabishana, lakini neno lake lile sijalishinda. Swali likiulizwa ili kufundisha, kosa huwa ni mali, kwa sababu humwonyesha mwanafunzi mahali pa kurekebisha. Swali lile lile likiulizwa ili kupanga watu juu na chini, kosa huwa ni aibu, na mtu mwenye aibu huficha asilolijua. Mwenye kuficha maradhi, kifo humwumbua. Mwenye kuficha ujinga, je?

Ziko nchi zilizolifikiria jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, wanafunzi wa udaktari wa miaka yote 6 kwa miaka mingi walipewa karatasi moja ya maarifa yote, mara 4 kwa mwaka. Mwanafunzi mpya hatarajiwi kujibu mengi. Kinachotazamwa ni jinsi anavyokua tangu jaribio moja hata jingine. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1970, na kwa muda mrefu jibu la “sijui” liliruhusiwa katika karatasi hiyo, huku jibu la kubahatisha likikatwa alama. Naliona hilo kuwa fundisho jema kwa daktari, maana daktari asemaye “sijui, ngoja niulize” ni salama kuliko yule abahatishaye. Nchini Marekani, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ulikuwa ukitolewa kwa alama, na vijana wengi waliyapima maisha yao kwa alama hizo. Mwezi wa Januari mwaka 2022 alama zikaondolewa. Sasa mtu huambiwa tu kuwa amefaulu au hakufaulu.

Nimebakiwa na kisa kimoja, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Katika mwaka wangu wa uanagenzi nilikuwa zamu usiku katika hospitali ndogo ya wilaya. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama mmoja akaingia akikimbia, kanga imemganda mwilini, na mikononi mwake mtoto wa miaka mitatu mwenye homa ya malaria. Mtoto alikuwa na degedege na hakuwa na fahamu. Daktari mkubwa alikuwa katika chumba cha upasuaji. Mama yule alinitazama kama mtu atazamaye mlango pekee wa nyumba inayoungua.

Sitakudanganya kuwa nilikuwa jasiri. Mikono yangu ilitetemeka, na kila nilichokisoma kilinikimbia. Kisha, bila ya kukiita, kikaja kile kilichokuwa kimeitwa kila Ijumaa: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu. Nikafanya moja baada ya jingine. Na nilipofika mwisho nikasikia sauti ya mzee wa miwani, “Na sukari je?” Tukatoboa kidole cha mtoto, tukapima. Sukari ya damu ilikuwa chini mno. Malaria kali huishusha hivyo kwa watoto, na ubongo usio na sukari hauishi muda mrefu. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 12. Mililita 5 za maji ya sukari ya asilimia 10 kwa kila kilo ni mililita 60. Tukampa mshipani. Degedege ikatulia. Kabla ya mapambazuko alifungua macho akamwita mama yake.

Ningalitaka kukomea hapo, lakini ukweli una nusu ya pili. Wiki chache baadaye aliletwa mkulima aliyekuwa akinyunyiza dawa ya wadudu katika kahawa. Jasho lilimtoka, mate yalimtiririka, pumzi ilimpaa, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Habari za sumu hiyo nilikuwa nimezisoma mara tatu au nne, tena nimezipigia mistari myekundu. Hakuna aliyepata kuniuliza, wala mimi sikupata kujiuliza. Nilisimama. Naliona kurasa, sikuona maneno. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akaniambia kwa adabu, “Daktari, nilete atropini?” Ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe, na mgonjwa alipona. Lakini najua kuwa aliponywa na kumbukumbu ya mama yule, si yangu. Nilimshukuru mbele ya watu, na usiku ule nikafunga vitabu vyangu vyote nikaanza kujiuliza.

Basi, msomaji, usingoje mhadhiri wa miwani. Wengi hawatampata, na wengine watapata yule wa orodha ukutani. Jiulize mwenyewe. Ukimaliza sura, ifunge, uandike katika karatasi tupu yote uyakumbukayo. Itakuwa kazi ngumu, na utajiona mjinga. Vumilia, kwa maana ugumu huo ndio kazi yenyewe. Kisha fungua kitabu usahihishe, maana kujiuliza bila ya kusahihisha ni kuyapa makosa makao. Rudia kesho, rudia baada ya wiki, rudia baada ya mwezi. Ukiwa na rafiki, mwulize naye akuulize, na akikosa usimcheke. Mimi nilimcheka wangu, na hata leo sijapata mahali pa kulirudisha cheko lile.

Na sasa, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, funga kitabu hiki kwa muda kidogo. Ni mifupa mingapi iliyomo katika mwili wa mtu mzima? Baada ya wiki moja, waliosoma tu walikumbuka asilimia ngapi, na waliojaribiwa ngapi? Mtoto wa kilo 12 alihitaji mililita ngapi? Ukiyapata majibu, umeipita njia mara moja. Ukiwa umesahau, usihuzunike wala usione haya. Hakuna orodha ukutani hapa. Fungua, utazame, kisha ujiulize tena Ijumaa.